Nilivyokwama kiwanja cha ndege katikati ya msitu wa Borneo (kosa langu, si la ndege)

Kobe wa Pwani:

Wakuu habari za muda huu. Juzi kuna mtu kaulizia humu habari za kwenda kwenye misitu ya Borneo nikasema nikitulia nitaandika, basi leo nimetulia. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya.

Sehemu yenyewe ni Sarawak, ile Malaysia ya upande wa kisiwani. Kwanza mjue Sarawak wana uhamiaji wao. Hata ukitokea Kuala Lumpur, nchi ileile, unapanga foleni upya na pasipoti inagongwa muhuri upya. Mimi sikulijua hilo, pasipoti nilikuwa nimeisukumia chini kabisa ya begi la mgongoni, nikaanza kutoa soksi moja moja mbele za watu.

Mnaanzia Miri, mji wa pwani wenye uwanja wa kawaida tu, halafu kutoka hapo ndo ndege zinazoingia ndani msituni. Nilienda sehemu mbili, Bario halafu Mulu.

Bario iko juu huko milimani kwa Wakelabit, kabila la wenyeji wa huko, kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, karibu na mpaka wa Indonesia. Ndege ni Twin Otter, pangaboi mbili, viti 19, unaingia umeinama kama unaingia kwenye banda la kuku. Begi mwisho kilo 10. Sasa bana pale kaunta begi likapimwa, likapita, nikaanza kuondoka zangu, yule dada akaniita akanioneshea mizani kwa kidole. Nikadhani kuna kitu nimesahau juu yake, kumbe nnapandishwa mimi. Na mizani ni ileile ya mabegi, namba zinawaka upande wa foleni, kila mtu anasoma!! Mama mmoja nyuma yangu alivua viatu, akavua na koti, mkoba akampa mwanae ashike. Dada wa kaunta akacheka, akauchukua mkoba kwa mtoto akamrudishia begani, maana huo mkoba nao si unapanda ndege.

Humo ndani nilikaa karibu kabisa na marubani, nawaona mikono wanavyoshika zile fimbo za injini juu ya vichwa vyao, maana kwenye Twin Otter ziko darini. Chini ni msitu, unapasuliwa na barabara nyekundu za wakata magogo, halafu unafika sehemu hata hizo barabara zinakata, panabaki miti tu na mito ya rangi ya tope. Mlima unapita dirishani, unaupita wewe au unakupita wenyewe hujui. Halafu ghafla bonde linafunguka, unaona mashamba ya mpunga, tayari mmetua.

Bario ilienda poa. Kilichonikuta kilinikuta Mulu, nakuja.

Nzi wa Kijani:

Tuambie kilo zako kwanza ndo tuendelee kusoma

Kobe wa Pwani:

@Nzi wa Kijani nilipita, hilo linakutosha.

Mulu sasa. Huku ndiko kuna hifadhi ya mapango, Gunung Mulu, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Ndege ya Mulu ni kubwa kidogo, ATR 72, nayo ni pangaboi, kama nusu saa tu kutoka Miri. Hupimwi uzito wewe, wanapima begi basi. Ukitua unatembea kwa miguu kwenye lami hadi kwenye jengo, na jengo lenyewe ukisimama mlango wa kuingilia unaona mlango wa kutokea. Hifadhi iko kama kilomita moja na nusu hapo, waweza kwenda kwa miguu kama hujabeba nyumba nzima.

Mapango sitayaongelea sana, nitasema moja tu la popo. Kuna Pango la Kulungu, kila jioni kama hakuna mvua popo wanatoka kwenda kula, wanakadiriwa kufika milioni 3, wanatoka kwa mkanda mmoja mrefu unaojipinda angani kama moshi ulio hai. Siku ya kwanza tulikaa mpaka giza na hawakutoka, kulikuwa kunanyesha. Siku ya pili wakatoka. Hapo ningekuwa na akili ningeelewa kitu: kama popo mwenyeji kabisa wa pale anaangalia mvua ndo atoke, mimi na tiketi yangu ni nani?

Basi siku ya kuondoka. Mpango wangu ulikuwa hivi: ndege ya mchana Mulu kwenda Miri, jioni Miri kwenda Kuala Lumpur, usiku ndege ya kuondoka nchini. Tiketi tatu, nimezinunua sehemu tatu tofauti kwa sababu niliona nimeokoa hela, nikajiona mjanja kweli.

Asubuhi jua kali, anga safi. Saa 7 mchana mawingu yameanza kushika vilele. Saa 8 mlima hauonekani. Tukakabidhi mabegi, tukakaa. Kuna mzee mmoja wa pale kavaa kizibao cha rangi ya chungwa, akakokota kitoroli cha mabegi mpaka ukingoni mwa lami akasimama nacho anaangalia juu. Mvua ikaanza. Akatoa turubai la bluu, akafunika mabegi, akachomeka kingo chini vizuri kabisa kama anatandika kitanda cha mgeni, akaendelea kusimama palepale.

Tukasikia ndege. Watu wote tukainuka, na vimikoba mkononi. Mvumo unakuja, unakuja, upo juu yetu kabisa lakini huoni kitu, weupe mtupu. Ukazunguka ukaenda upande wa milimani ukarudi. Watu kimya. Halafu ukaanza kupungua, ukapungua, ikabaki mvua juu ya bati. Yule mzee wala hakusubiri tangazo, aligeuza kitoroli akaanza kukirudisha. Ndo nikajua.

Ndege ilirudi Miri na abiria wake waliokuwa wanakuja Mulu. Sisi tukarudishiwa mabegi mkononi, moja moja.

Nililala Mulu usiku mwingine. Kesho yake asubuhi ukungu, mpaka karibu na saa 4 ndo ukanyanyuka kwenye miti, ndege ikaja, tukaondoka. Miri nikakuta ndege yangu ya jana iliondoka jana, na ile ya kuondoka nchini nayo iliondoka usiku uleule bila mimi. Nikalipa upya zote mbili. Ile hela niliyookoa kwa kununua vipande vipande ilirudi kuchukua na ndugu zake.

Hakuna wa kumlaumu. Rubani alifanya sawa. Msituni ratiba ni ya mawingu, ile karatasi uliyonayo ni ombi tu.

Tumbili Msomi:

Aisee hapo kwa mzee wa turubai nimeona picha yote. Swali mkuu, hakuna basi au boti ukaachana na ndege kabisa?

Kobe wa Pwani:

@Tumbili Msomi boti ipo. Unapanda mto Baram hadi Marudi, unaendelea hadi Long Terawan, halafu unakodi mtumbwi mrefu wa injini kupanda mto Tutoh. Hiyo ni siku nzima, na mto ukikauka mnashuka mnausukuma nyinyi. Barabara ya kufika Mulu kama mgeni usiiwazie. Bario wana njia ya magari ya kupanda milima kupitia barabara za magogo, nayo ni siku nzima ya kugongesha kichwa darini, mvua ikinyesha sana mnalala njiani.

Shangazi Kaja:

Mi nashindwa kuelewa kwa nini asubuhi kuna ukungu, mchana mvua, sasa ndege zinaruka saa ngapi huko jamani?

Fundi wa Hanga:

Nimefanya kazi na hizi ndege ndogo miaka mingi, ngoja nimjibu @Shangazi Kaja na wengine.

Msitu wa mvua unajitengenezea mawingu wenyewe. Miti inanyonya maji chini inayatoa kwenye majani, jua likipiga kuanzia asubuhi ile hewa yenye unyevu inapanda juu, inapoa, inakuwa wingu, ikifika alasiri unakuta mawingu ya radi yamesimama kama minara. Na pakiwa na milima ndo mbaya zaidi kwa sababu mlima unaisukuma ile hewa ipande haraka. Usiku anga ikitulia ardhi inapoa, hewa nzito ya baridi inateremka bondeni, unyevu unageuka vitone vya maji hapohapo, alfajiri bonde zima limejaa ukungu kama beseni la maziwa. Kwa hiyo nafasi nzuri ni pale ukungu umeshaondoka na minara bado haijajengeka, saa 3 au 4 asubuhi hivi hadi mchana kati. Ukikata tiketi kata ya humo ndani. Akitaka kukuuzia ya saa 9 alasiri kwa bei ya chini, ujue kwa nini ni ya bei ya chini.

Viwanja vikubwa vina mitambo inayomshusha rubani ndani ya wingu karibu mpaka ardhini. Vya msituni vingi havina, rubani lazima afikie kimo fulani awe ameshauona uwanja, asipouona anapandisha anaondoka. Hicho ndicho alichosikia mkuu Kobe akiwa chini. Watu wanakasirika, "si alishafika!" Hajafika. Kuwa juu ya uwanja na kuuona uwanja ni vitu viwili tofauti, na kuna mlima wa mita 2,376 hapo pembeni ambao nao hauonekani.

Nzi wa Kijani:

Na la kutupima kama magunia?

Fundi wa Hanga:

@Nzi wa Kijani hilo nalipenda.

Ndege ya watu 180 wanatumia makadirio, mnene na mwembamba wanafidiana. Ndege ya watu 19 hawafidiani, wakipanda mabaunsa 10 hesabu imekufa. Na si jumla ya uzito peke yake, ni nani anakaa wapi. Chukulia mtumbwi, wote mkihamia upande mmoja mtaona. Ndege nayo ikizidi uzito mbele pua inalala, ikizidi nyuma pua inanyanyuka mpaka bawa linaacha kushika hewa. Ndo maana ukiambiwa hama kiti kaa kile usibishane na mtu.

Mfano mbaya upo. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka ikiwa inakaribia kutua Bandundu, Kongo, watu 20 kati ya 21 walikufa. Manusura alisimulia kwamba kuna abiria alipanda na mamba kwenye begi, mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele kwa pamoja. Kwenye ndege kubwa hiyo ingekuwa vurugu tu.

Halafu kuna joto. Hewa ya moto ni nyepesi. Kwa makadirio ya haraka kila nyuzi moja ya joto juu ya kiwango sanifu (joto linalohesabiwa kuwa la kawaida kwa kimo hicho), ndege inajiona iko kama mita 36 juu zaidi ya ilipo. Bario iko mita 1,000, kiwango sanifu cha hapo ni nyuzi 8 na nusu hivi. Mchana ikifika nyuzi 27, ndege inajiona iko mita 1,600 na ushee. Injini inapata hewa kidogo, panga linasukuma kidogo, bawa linashika kidogo, na njia ya kurukia haijarefuka hata hatua moja. Kwa hiyo wakati mwingine kitu pekee unachoweza kupunguza ni mzigo, na mzigo ni begi lako. Usishangae begi likija na ndege ya kesho.

Mzee wa Mgodi:

Fundi umenikumbusha mbali. Mimi miaka ya 2000 nilikuwa upande wa Walikale, msitu wa mashariki ya Kongo, enzi za mawe ya bati ya mgodi wa Bisie. Huko kiwanja kilikuwa barabara. Sifanyi utani, pale Kilambo ndege zilikuwa zinatua kwenye kipande cha barabara ya lami. Ndege ikikaribia askari wanasimamisha watu, baiskeli, mbuzi, mnakaa pembeni kwenye majani, inatua, inapakia magunia, inaruka kwenda Goma, barabara inafunguliwa mnaendelea na safari. Magunia yenyewe watu walikuwa wameyatoa mgodini kwa mgongo, siku nzima na zaidi porini, gunia kilo 50.

Na huko hakuna wa kukupima. Nilipanda mara moja nikiwa nimekalia gunia, mguu wangu uko juu ya dumu la mtu. Nilishuka nikaapa, wiki mbili baadaye nikapanda tena kwa sababu njia nyingine ilikuwa kutembea.

Tumbili Msomi:

@Mzee wa Mgodi "mbuzi mnakaa pembeni" 😂 hapo mbuzi na yeye ni abiria

Shangazi Kaja:

Nyie mnacheka, mi hizi stori ndo zinanifanya nisipande. Ikianguka kwenye msitu kama ule nani atakuona? Mnawakumbuka wale watoto wa Kolombia?

Fundi wa Hanga:

@Shangazi Kaja nawakumbuka. Mei 1, 2023, ndege ndogo aina ya Cessna 206 ilitoka Araracuara, rubani akatoa taarifa injini imeleta shida, ikapotea. Ndege yenyewe ilipatikana wiki mbili baadaye, imesimama na pua chini kwenye miti, watu wazima watatu wamekufa, watoto wanne hawapo. Wakapatikana Juni 9 wakiwa hai, siku 40, mkubwa miaka 13 na mdogo alikuwa hajafikisha mwaka walipoanguka. Yule mkubwa alikuwa anajua matunda ya msituni, kalelewa nayo.

Swali lako la nani atakuona ni la haki. Matawi ya juu yanafunga kama paa, ndege ikipita inaacha tundu dogo tu, baada ya siku chache majani yamejirudisha, unaweza kuruka juu yake mara ishirini. Lakini angalieni pia tofauti. Ile ilikuwa ya injini moja, tena ya pistoni. Twin Otter ina injini mbili za tabaini (jamii ya injini za jeti), moja ikizima ya pili inakupeleka. Muundo wake ulianza kuruka 1965 na mpaka leo watu wanaulilia kwa sababu hiyo, inatua pafupi, inaruka pafupi, na mapanga yanageuka kusukuma nyuma ikishagusa chini, ndo ule mngurumo mnaousikia mkitua mnadhani kitu kimevunjika.

Mimi nikipanda ndege ya porini siangalii rangi ya ndege, naangalia mafuta. Huko ndani mara nyingi yanatoka kwenye mapipa ya lita 200, na pipa likikaa kwenye mvua maji yanaingia. Mahali wanapojua kazi utakuta mapipa yamelazwa, hayajasimamishwa, maana likisimama maji ya mvua yanatuama juu kwenye kizibo na usiku likipoa linayanyonya ndani. Na kabla ya kuruka utamuona mtu anachota mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kichupa kisafi, anakiinua kwenye mwanga. Anatafuta maji, yanakaa chini kama gololi. Nikimuona huyo mtu na kichupa chake, nalala usingizi njia nzima.

Shangazi Kaja:

Hapo kidogo umenituliza. Kidogo.

Nzi wa Kijani:

Mi nasubiri wa kunitandikia turubai tu

Kobe wa Pwani:

Fundi asante, hilo la mapipa sikulijua, Bario kulikuwa na mapipa nikapiga nayo picha kabisa kwa sababu ya rangi.

Niongeze vitu viwili vitatu vilivyonisaidia ile siku ya kukwama. Begi langu dogo lilikuwa na dawa, taa ya kichwani, nguo kavu moja na chaja, vyote nilivishika mwenyewe, kuna kijana yeye vyake alikuwa ameviweka kwenye begi kubwa, na kwa saa nzima wakati wanahangaika kurudisha mabegi alikaa na fulana iliyolowa anatetemeka, kwenye joto lile. Pili nilikuwa na ringgit, hela ya Malaysia, za karatasi. Mtandao ulikuwa unakuja unapotea na nilikuwa na deni la kulala usiku wa ziada, kadi peke yake ingeniumbua. Na mara tu mvumo ulipoondoka, wale waliojua walienda moja kwa moja kaunta kuandikisha majina ya ndege ya kesho, sisi wageni tukabaki tunaangalia juu kama kuku aliyesikia mwewe. Nusura nikose nafasi.

Kichwa Ngumu:

Wakuu uzi mtamu sana, nimesoma wote. Mimi naenda Mulu mwezi ujao, tiketi nimeshakata. Natoka Mulu saa 8 na nusu mchana, saa 11 jioni naunganisha Miri kwenda Kuala Lumpur. Nadhani muda unatosha?

Nzi wa Kijani:

Shangazi mshike huyu

Fundi wa Hanga:

@Kichwa Ngumu tiketi moja au mbili tofauti?

Kichwa Ngumu:

Mbili. Ya pili ilikuwa ya ofa, hairudishiki.

Mzee wa Mgodi:

Eeh mungu wangu

Kobe wa Pwani:

@Kichwa Ngumu mkuu piga simu leo, si kesho. Hiyo ya Mulu ivute iwe siku moja nyuma, ya asubuhi kama ipo, ulale Miri. Wakikataa basi nenda hivyohivyo, na ukiona kuna mzee wa kizibao cha chungwa anageuza kitoroli, usibaki unaangalia juu, kimbia kaunta. Ukishaandikisha jina rudi umsalimie, mwambie mimi wa begi la kijani nilifika salama.